Mlima Upi wa Kwanza? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Orodha za Majarida ya Skii

Kila mwaka, wiki chache kabla ya theluji kuanza kukaa milimani, jarida la SKI la Marekani hutoa orodha yake ya milima bora ya kuteleza kwa skii (zile mbao mbili ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni) Amerika Kaskazini, na simu yangu huanza kulia. Wanaouliza ni wa aina mbili. Kuna wenzangu wa hapa Salt Lake City wanaotaka nigombane upande wao, na kuna ndugu zangu wa Tanga na Dar wanaotaka kujua hao watu wanagombania nini hasa. Huu ni msimu wangu wa tisa hapa Utah, na nimechoka kujibu mmoja mmoja. Haya hapa yote kwa pamoja. Na nikisema mlima, namaanisha kituo kizima: miteremko, lifti, mikahawa na malazi.

Orodha yenyewe inatoka wapi? Nani anapiga kura?

Jarida la SKI lilianzishwa mwaka 1936, Seattle. Orodha yake maarufu inatokana na wasomaji, na imeendeshwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Msomaji anajaza fomu, anataja milima aliyoitembelea, kisha anaipa alama kipengele kwa kipengele: theluji, jinsi miteremko inavyosawazishwa kwa mashine, aina za miteremko, ugumu, lifti, chakula, malazi, huduma, burudani ya usiku, mandhari, watoto wanapokelewaje, ni rahisi kufika au la, pesa yako imekwenda kihalali au umeibiwa mchana kweupe. Alama zinajumlishwa, na milima ya Mashariki inapangwa kando na ya Magharibi.

Sasa rudia kusoma hivyo vipengele polepole. Theluji ni kipengele kimoja. Ugumu wa mlima ni kimoja. Chakula nacho ni kimoja, na huduma kimoja, na malazi kimoja. Mlima wenye majabali ya kutisha na kantini ya supu baridi unaweza kushindwa na mlima wa miteremko ya kistaarabu wenye supu nzuri, mashuka safi na kijana wa kukubebea vifaa. Hakuna aliyeiba kura, hesabu imekuja hivyo tu.

Jambo la pili ambalo watu hulisahau ni kwamba msomaji anapima mlima aliokwenda, na mlima aliokwenda aliuchagua mwenyewe. Mtu aliyelipa maelfu ya dola kwa wiki moja na familia yake harudi nyumbani kuandika kwamba alikosea. Yule asiyependa mahali pale hakwenda, kwa hiyo hana kura. Ni kama kupita nyumba hadi nyumba mtaani ukiuliza mama wa nani anapika pilau tamu. Kila mtu atajibu kwa dhati, na ukimaliza utakuwa umejua nyumba ipi ina watoto wengi.

Wanagombana kweli, au ni utani?

Ni utani mpaka mtu ataje mlima wako.

Mahali pa kusikia ugomvi huu ni kwenye lifti ya viti, ile ya viti vinavyoning'inia kwenye waya na kuwapandisha watu mlimani. Mnakaa wanne, chuma cha usalama kinashushwa mapajani, na kwa dakika saba au nane hakuna wa kumkimbia mwenzake. Siku moja nilikaa katikati. Kushoto kwangu mzee mwenye glavu za ngozi za kazi, zile za fundi, amezipaka nta mpaka zimekuwa nyeusi, na skii zimefungwa gundi ya karatasi mahali zilipopasuka. Kulia mke na mume, makoti yao yanafanana. Mume akasema kwa upole tu kwamba wiki iliyopita walikuwa Deer Valley, "ule wa kwanza kwenye jarida." Mzee hakugeuza hata shingo.

"Wa kwanza kwa nini?"

"Kwa kila kitu. Huduma, chakula…"

"Mimi nimeuliza kwa skii."

Kimya. Nguzo tatu zikapita. Halafu mke akainama mbele yangu, akamwambia mzee, "Mzee wangu, mimi nina magoti mawili na yote yamepasuliwa. Kwangu mimi, hiyo ndiyo skii." Mzee akacheka mpaka kiti kikatikisika. Tuliposhuka juu aliwangoja, akawaonyesha mteremko laini wa kurudi chini.

Deer Valley si mlima mdogo? Ulishikaje nafasi ya kwanza miaka mitano mfululizo?

Ndiyo, kuanzia 2007 mpaka 2011, na hilo ndilo jeraha ambalo watu wa hapa hawajalisahau. Wakati ule mlima ulikuwa na kama ekari 2,000 tu. Whistler Blackcomb, kule British Columbia, Kanada, una ekari 8,171. Kwa hesabu ya ukubwa ilikuwa kama duka la mtaani kulishinda soko zima.

Deer Valley ulifunguliwa 1981 ukiwa na wazo moja: mteleza theluji ahudumiwe kama mgeni wa hoteli kubwa. Unafika na gari, vijana waliovaa sare wanakuja kushusha skii zako kabla hujazima injini. Tiketi za siku zina kikomo, zikiisha zimeisha, kwa hiyo foleni haziwi ndefu. Asubuhi miteremko imechanwa na mashine usiku kucha, ina mistari myembamba iliyonyooka kama suruali ya kodrai, na watelezaji wenyewe huiita hivyo hivyo, kodrai. Kuna chili ya bata mzinga ambayo watu wanaizungumzia kama watu wa Zanzibar wanavyozungumzia urojo. Kwa miaka mingi mkuu wa skii pale alikuwa Stein Eriksen, Mnorwe aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Oslo mwaka 1952 na aliyeteleza akiwa amenyooka, nywele hazijachafuka, mpaka uzeeni. Na michezo ya Olimpiki ya 2002 ilipokuja Utah, baadhi ya mashindano yalifanyika palepale, kwa hiyo usidhani mlima wote ni tambarare.

Watu wa ubao mmoja, yaani wanaoteleza wamesimama kwenye ubao mmoja mpana badala ya skii mbili, hawaruhusiwi. Marekani nzima imebaki na milima mitatu tu yenye katazo hilo: Deer Valley na Alta hapa Utah, na Mad River Glen kule Vermont. Mimi hilo silipendi. Lakini angalia matokeo yake kwenye kura: vijana wengi wa ubao, ambao wangelalamika juu ya bei na miteremko mipole, hawapo kabisa kwenye kundi linaloujazia fomu mlima huu.

Mimi nimekwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda kutafuta kasoro. Nilikuta boksi la tishu limewekwa kwenye foleni ya lifti, kwa ajili ya pua zinazochuruzika kwa baridi. Nikajifuta, nikaona aibu kidogo, na orodha ikaanza kunielea.

Na Sun Valley je? Mbona theluji yake si nyingi?

Si nyingi, ni kweli. Sun Valley uko Idaho, upande mkavu, na hupata chini ya nusu ya theluji inayoanguka Alta. Wanategemea sana mashine za kutengeneza theluji na za kusawazisha. Hata hivyo tangu 2020 umeshika nafasi ya kwanza ya Magharibi zaidi ya mara moja. Sababu ni jua, foleni fupi, miteremko mirefu isiyo na sehemu za kuchosha, na mji wa Ketchum hapo chini ambao bado unaonekana kama mji wa watu.

Lakini mimi Sun Valley naupenda kwa sababu ya ndizi. Mlima ulifunguliwa 1936, mwaka uleule jarida la SKI lilipoanza, na kampuni ya reli ya Union Pacific iliyotaka abiria wa majira ya baridi. Walihitaji njia ya kuwapandisha watu mlimani. Mhandisi wao James Curran aliwahi kufanya kazi ya mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini: waya unazunguka, kulabu zinaning'inia, mkungu unaning'inizwa kwenye kulabu. Akaondoa kulabu, akaweka kiti. Hiyo ndiyo lifti ya kwanza ya viti duniani. Tena kabla ya kuijenga walifanya majaribio Omaha, kwenye nchi tambarare, wakimnyanyua mtu kwa kiti kilichofungwa kwenye lori. Kila ninapokaa kwenye lifti nakumbuka kwamba mimi ni mkungu wa ndizi, na mtu wa Bukoba akisoma hapa ajue mchango wa zao lake.

Kama theluji ndiyo mchezo wenyewe, mbona Alta hausimami wa kwanza kila mwaka?

Kwa sababu ya theluji hiyohiyo.

Alta umekuwepo tangu 1938, ndani ya bonde jembamba la Little Cottonwood, chini ya saa moja kutoka uwanja wa ndege wa Salt Lake City. Kwa wastani hupata zaidi ya mita 12 za theluji kwa msimu, nyepesi, kavu, unaipuliza kiganjani inaruka. Jirani yake ni Snowbird, uliofunguliwa 1971. Mtu akikuambia theluji bora Marekani iko mahali pengine, mwulize amefika lini mara ya mwisho. (Kibao cha gari langu kimeandikwa kwamba Utah ina theluji bora kuliko zote duniani. Kampuni ya sarakasi ya Ringling Bros. ilidai kauli hiyo inaiga kauli yao ya biashara, ikaenda mahakamani, na mwaka 1999 ikashindwa kwenye rufaa.)

Sasa theluji hiyo ikianguka, barabara ya bonde ni moja tu, na juu yake kuna njia nyingi za maporomoko ya theluji. Kwa miaka mingi walikuwa wakipiga mizinga, mizinga ya jeshi, kuiangusha theluji kabla haijaanguka yenyewe. Barabara inafungwa. Ikifunguliwa, magari yanapanda bonde bampa kwa bampa, taa nyekundu za breki zimejipanga mlima mzima, na wenyeji wanaita Nyoka Mwekundu. Nimewahi kutumia saa tatu na nusu kwenda mahali ambapo siku ya kawaida ni dakika arobaini. Na kama ulilala juu, kuna kitu kinaitwa Interlodge: ni amri halali kabisa, hakuna kutoka nje ya jengo, hata kufuata chaja ya simu kwenye gari, mpaka wataalamu waseme hatari imepita.

Mpe mtu huyo fomu. Theluji atatoa alama za juu. "Urahisi wa kufika" ataandika kitu ambacho mhariri hawezi kukichapisha. Chakula? Watu wa Alta wanakula mkate wa siagi ya karanga uliobondeka mfukoni, juu kwenye kiti, glavu moja imevuliwa. Burudani ya usiku ni kulala. Wastani wake unashuka, na wenye Alta wanafurahi unavyoshuka, maana wageni wanakwenda kwingine. Nashuku wapo wanaoupa alama mbovu makusudi.

Kiasi cha theluji kinachotangazwa ni cha kweli?

Hapa kuna ushahidi, tena mtamu. Mwaka 2009 wachumi wawili wa chuo cha Dartmouth, Jonathan Zinman na Eric Zitzewitz, walilinganisha theluji mpya iliyotangazwa na milima yenyewe na vipimo vya serikali vya maeneo hayohayo. Waligundua kwamba kwa matangazo ya milima, mwisho wa wiki huanguka theluji zaidi kwa karibu asilimia 23. Vipimo vya serikali havikuonyesha tofauti ya namna hiyo. Mawingu hayajui Jumamosi, ila mkata tiketi anaijua.

Kilichopunguza uongo ni simu. Programu moja ya iPhone ilipowawezesha watelezaji kuandika hali halisi wakiwa mlimani, chumvi ilipungua sana, hasa kwenye milima yenye mtandao mzuri.

Tena si lazima mtu adanganye waziwazi. Theluji hupimwa kwenye ubao mweupe ulio wazi, na rula. Ukishapima unaufagia. Theluji iliyolala hujishindilia kwa uzito wake, kwa hiyo ukifagia ubao kila baada ya saa moja na kujumlisha, utapata nyingi kuliko aliyefagia mara moja kwa siku, ingawa ni theluji ileile. Ubao ukiwekwa kwenye kona ambako upepo hurundika, unapata nyingi zaidi. Basi ukisikia sentimita 40, uliza ubao uko wapi na nani ana ufagio.

Ulaya wao hawana ujanja huo?

Wao wana wa kwao. Marekani tunajisifia ekari. Ulaya wanajisifia kilomita za njia zilizosawazishwa, na vipimo hivyo viwili havilinganishiki hata kidogo. Mwaka 2013 mshauri Mjerumani Christoph Schrahe alipima njia za maeneo makubwa mwenyewe. Eneo la 4 Vallées la Uswisi, ambako ndiko Verbier iliko, lilikuwa likitangaza kilomita 412. Yeye alipata 164. Utetezi uliotolewa na wenye milima ni kwamba mtelezaji hashuki kwa mstari ulionyooka, anakata kona, kwa hiyo kona zihesabiwe. Kwa mantiki hiyo mlevi akitoka baa kwenda nyumbani ametembea maili nyingi kuliko sisi wengine, na nauli yake irudishwe.

Kuna orodha zinazopangwa kwa hesabu badala ya kura. Hizo si za haki zaidi?

Ni za wazi zaidi. Christopher Steiner, aliyekuwa akiandikia Forbes, alitunga kanuni yake inayoipa theluji na ardhi uzito mkubwa, na Jackson Hole wa Wyoming, wenye mteremko wa mita 1,262 toka juu hadi chini, uliongoza miaka kadhaa. Mimi naielewa orodha ile kuliko ya kura. Lakini mtu ndiye aliyeamua theluji ina uzito gani na ukarimu una uzito gani. Badilisha namba mbili na Deer Valley unarudi juu.

Je, mlima unaweza kununua nafasi?

Kununua kwa fedha taslimu sijaona. Kinachofanyika ni hiki: msimu wa kura ukifika, milima huwaandikia wateja wake waende wakapige kura, kama vile watahiniwa wanavyopita na kanga na kofia. Mlima wenye orodha ndefu ya barua pepe unaanza mbio ukiwa mbele. Na majarida hayahaya huishi kwa matangazo ya milima hiyohiyo. Changanya mwenyewe.

Pasi kubwa za kampuni zimebadilisha nini?

Karibu kila kitu. Mwaka 2008 kampuni ya Vail Resorts, yenye milima mingi, walianzisha Epic Pass: unalipa mara moja kabla ya msimu, unateleza kwenye milima yao mingi. Mwaka 2018 wapinzani wao, kampuni ya Alterra, wakaja na Ikon Pass. Ghafla tiketi ya dirishani ikawa adhabu kwa asiyepanga mapema. Kwenye mlima wa Vail wenyewe, kule Colorado, siku za msongamano, imevuka dola 300 kwa siku moja. Mwenye pasi anahisi anateleza bure, kwa hiyo wanakuja wote, siku moja, mlima mmoja.

Athari yake kwenye orodha ni hii. Whistler Blackcomb uliwahi kuwa bingwa wa mara nyingi. Vail Resorts waliununua 2016. Malalamiko ya wenyeji juu ya foleni na bei yakaanza, wakati mlima wenyewe, majabali, barafu, ile gondola ya Peak 2 Peak inayovuka bonde kwa kilomita 4.4, haukusogea hata hatua. Majira ya 2021–22, kule Stevens Pass jimbo la Washington, zaidi ya watu 40,000 walitia saini kulalamikia lifti zilizosimama na miteremko iliyofungwa kwa kukosa wafanyakazi. Na hapa kwetu Park City, tarehe 27 Desemba 2024, kikosi cha doria, kama watu 200, kiligoma kudai mishahara. Hao ndio wanaokagua maporomoko na kukushusha ukivunjika mguu. Bila wao sehemu kubwa ya mlima haifunguki. Katikati ya sikukuu, watu waliosafiri kutoka mbali walisimama kwenye foleni wakitazama miteremko mitupu juu yao. Mgomo uliisha Januari 8.

Kumbuka pia kwamba orodha unayoisoma Oktoba imejazwa na watu wanaokumbuka msimu uliopita. Unanunua chapati ya jana.

Mashariki kwa Magharibi, kwa nini hawachanganywi?

Kwa sababu ingekuwa dhuluma. Mashariki milima ni mifupi, baridi ni ya unyevu, mvua hunyesha juu ya theluji kisha inaganda, na asubuhi unateleza kwenye kitu kinachotoa sauti ya kioo. Mtu wa Vermont hujivunia hilo. Atakuambia aliyejifunza kwenye barafu anaweza kuteleza popote, na mara nyingi ni kweli. Mad River Glen niliyoutaja juu unamilikiwa na watelezaji wenyewe kwa mtindo wa ushirika tangu 1995, una lifti ya kiti kimoja kimoja, na hautaki hata kuboreshwa. Huo huwezi kuupima kwa fomu ya mashuka.

Binamu yangu yuko Dubai anasema wao ndio wa kwanza duniani. Ni kweli?

Ni kweli kwa namna yake. Ski Dubai, uliofunguliwa 2005 ndani ya Mall of the Emirates, umeshinda mara nyingi tuzo ya kituo bora cha ndani ya jengo katika World Ski Awards, tuzo zilizoanza 2013 na ambazo nazo hutegemea kura. Una miteremko mitano, mrefu kuliko yote ni mita 400. Koti na suruali unapewa kwa tiketi, kwa hiyo unaweza kuingia umevaa kanzu ukatoka umevaa kanzu. Na kuna pengwini. Kwa Mswahili wa Ghuba anayetaka kujua kama mchezo huu unamfaa kabla ya kununua tiketi ya ndege, sioni mahali pa karibu zaidi. Ila usimwambie yule mzee wa glavu za ngozi kwamba nimesema hivyo.

Kuna Mwafrika Mashariki aliyewahi kuufanya mchezo huu kwa dhati?

Wapo. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, alipelekwa Finland kujifunza skii za masafa na akashiriki Olimpiki ya Nagano 1998, kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, wa 92. Bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimsubiri mstarini amkumbatie, na Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Miaka ishirini baadaye, PyeongChang 2018, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi, akishuka mlima kwa kasi ambayo mimi huiona kwenye barabara kuu tu.

Mimi sijawahi kuteleza. Nianze na mlima wa kwanza kwenye orodha?

Usithubutu. Sikiliza yaliyonikuta.

Mwaka wangu wa kwanza, rafiki alisoma orodha akasema twende mlima wa juu kabisa, tukifanya jambo tulifanye vizuri. Tulilipa bei ya dirishani. Kwenye chumba cha kukodi vifaa kijana aliniuliza namba ya kiatu, nikamtajia namba ya viatu vyangu vya kawaida, akanipa bila kunipima. Kiatu cha skii kinatakiwa kibane mpaka uhisi umekosea. Changu kilikuwa na nafasi ya kuweka pakiti ya sigara. Nikashinda siku nzima kwenye mkanda unaotembea, ule wa watoto, mita mia moja kupanda na mita mia moja kuanguka, nikipitwa na watoto wa miaka minne waliokuwa wakiimba. Mguu ukigonga mbele kila ninapojaribu kusimama. Kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi mpaka Machi, ikang'oka Aprili.

Mita mia hizo zipo kwenye kila mlima duniani, na kwenye mlima mdogo wa jirani zinauzwa kwa robo ya bei, mara nyingi pamoja na mwalimu na vifaa. Nenda Jumanne. Kodi vifaa mjini siku moja kabla, na ukae dukani umevaa viatu kwa dakika kumi. Angalia kwenye ramani kama njia za duara la kijani, yaani zile rahisi kabisa, ziko juu mlimani au zimebanwa chini kwenye maegesho. Nunua soksi moja nzuri, siyo mbili. Mambo haya hayamo kwenye orodha yoyote kwa sababu wanaojaza fomu walishayasahau zamani.

Haya, wewe ungeupa mlima gani nafasi ya kwanza?

Alta, asubuhi ya Jumanne, barabara imefunguliwa dakika kumi zilizopita. Ukiniuliza Jumamosi jibu ni lingine.

Na kwa kuwa nimewasema sana wapiga kura, niungame. Mwaka jana nami nilijaza fomu. Nilikaa mezani na chai, nikiwa na nia ya kutenda haki. Deer Valley nikaupa haki yake kwa huduma. Alta nikaupa theluji alama za juu kabisa, ugumu alama za juu kabisa. Nikafika kwenye chakula cha mlimani, nikaandika alama za juu kabisa bila mkono kusita. Msimu mzima nilikuwa nakula chapati zangu mwenyewe, kutoka mfukoni.